Risasi za Jumatatu na Alkhamisi

Ijumaa, 1 Novemba

Naanza kwa jina la Mola. Joto limevunjika. Leo nimefungua dirisha la chumba cha juu, ukaingia upepo mkavu usio na ule unato wa kiangazi, nikajua msimu wa shabaha umefika. Kaka Ishaq naye kajua. Kabla ya chai ameshaitoa bunduki kabatini, kaiweka mapajani, anaifuta kama mtu anayemkausha mtoto baada ya kumwogesha.

Msimu huu nataka kuandika. Mwalimu wetu wa darasa la Qurani anasema anayeandika siku zake hujihesabu kabla hajahesabiwa. Mie skuli niliishia darasa la sita, lakini barua naandika, na hapa hakuna wa kunisahihisha.

Basi niseme mie ni nani katika mambo haya ya bunduki. Sipigi. Lakini risasi anazopiga kaka yangu natengeneza mie. Risasi ya dukani inapiga, ila haina adabu, moja inakwenda hapa nyengine pale. Kila bunduki ina tumbo lake. Kuna kipimo kimoja cha baruti inachokipenda, si cha kuishibisha wala cha kuipunja, na ukikipata, matundu matano hukaa shabahani pamoja kama vifaranga chini ya mama yao. Kukitafuta kipimo hicho ndiyo kazi yenyewe. Baruti na vyengine tunapewa na klabu kwa kibali cha kaka. Ganda lililokwishapigwa naliosha, nalinyoosha kwa mashine, natia fataki mpya, kile kidude kinachogongwa kikawasha baruti, kitakoni kwake kwa ncha za vidole, napima baruti, kisha nashindilia kichwa. Wakati wa kupima feni huzimwa na hakuna kusema, maana mizani ile inasikia hata pumzi ya mtu.

Vidole hivi nilivipata kwenye kushona kofia, tundu kwa tundu, tangu utoto. Mume wangu Yaqdhan alipofariki, nami Mungu hakunijaalia mtoto, na mke wa kaka, marehemu Afra, naye akaondoka haukupita mwaka, kaka alikuja akabeba sanduku langu, akanileta kwake hapa Darsait, karibu na Maskati. Nikamkuta anajaza risasi peke yake, kwa papara, baruti imemwagika mezani. Nikamwambia, "Hebu sogea." Tangu siku hiyo kiti cha dirishani ni changu.

Na kila mwisho wa msimu, ganda la risasi yake ya mwisho kwenye fainali hunitia mkononi. Hasemi kitu. Nami huliweka kwenye kopo la kahawa, pamoja na wenziwe.

Jumanne, 5 Novemba

Maganda yote yameoshwa. Viungo vinaniuma. Alhamdulillah.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumetoka bondeni, kule uwanjani nyuma ya milima ya Amerat. Tulibeba vipimo vinne, kila kimoja kidogo juu ya mwenziwe. Cha kwanza kilitawanya. Cha pili afadhali. Cha tatu, subhanallah, matundu yameingiliana mpaka huwezi kuyahesabu. Nilifurahi nikapiga makofi peke yangu.

Kwenye gari, kaka akasema, "Muhsina, nna jambo."

"Kipimo cha tatu ndicho," nikamwambia. "Umeona yalivyokaa?"

"Si la risasi."

Nikamtazama. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya kijana.

"Nataka kuoa."

Anaitwa Kheiria. Kwao Sidab, watu wa Unguja kama sisi. Anafanya kazi wizarani kule Maskati, aliachwa zamani, ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Kaka anasema ana tabia njema. Kajuaje? Kamwona mara ngapi?

"Mungu akutilie kheri," nikasema. Kaka akafungua redio, tukaishuka barabara ile ya mlimani.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeswali rakaa mbili nikaomba niondolewe kijicho. Sijaondolewa.

Ijumaa, 22 Novemba

Wameoana. Watu wachache, wali mwingi. Bibi arusi mrefu, anacheka na meno yote. Aliponibusu kichwani nikasikia udi. Si udi wa kawaida, ule mzito, wa watu wanaojua kununua. Nyumba nzima sasa inanuka yeye.

Kaniletea zawadi, kichupa kidogo cha mafuta ya udi, kifuniko cha dhahabu. "Wifi yangu, hichi chako. Kaka yako kaniambia wewe ndiye mwenye nyumba."

Maneno mazuri. Nilikitia mtotoni mwa kabati, chini ya khanga zangu, nikafunga.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo Kheiria kapanda juu. Mie nilikuwa msalani natawadha. Narudi nakuta kakaa kwenye kiti changu cha dirishani, kaka kasimama nyuma yake, kamwekea mikono mabegani, anamwonyesha mizani.

"Wifi!" akasema. "Njoo unifunze. Ishaq anasema wewe una vidole vya malaika."

"Malaika hawana kazi ya baruti," nikajibu.

Akacheka sana. Kaka naye akacheka. Mimi sikuwa nimesema mzaha.

Akainuka, akanipisha, akavuta kibao akakaa ubavuni pangu. Anauliza kila kitu. Hiki nini? Hii kwa nini? Akagusa maganda, akagusa boksi la fataki, akazipanga zile nyekundunyekundu kwenye sahani kama anayepanga halua ya wageni. Mwalimu mwema angemfunza. Mie nilimwambia, "Wewe tazama tu, usiguse," basi. Hata hapo alikuwa kashagusa.

Kaka anamtazama anavyouliza. Mie miaka yote hii sijawahi kumuuliza swali, nilikuwa nafanya tu. Sikujua kumbe wanapenda kuulizwa.

Jumanne, 3 Disemba

Nitaandika ukweli maana ndiyo maana ya kuandika. Leo baada ya Alasiri nimekitoa kile kichupa. Nimejipaka kidogo, kifundoni mwa mkono na nyuma ya masikio. Tangu Yaqdhan afariki sikuwa nimejipaka kitu. Nikapanda juu kwenye kazi yangu.

Kaka alipoingia akasema, "Kheiria yuko hapa?"

"Hayuko."

"Nimesikia udi," akasema, akatoka kumtafuta.

Ijumaa, 6 Disemba

Nimejipaka tena. Sijui namshindania nani.

Jumamosi, 14 Disemba

Mashindano ya kwanza. Ya rabi, siku gani hii.

Timu sita, na bonde limejaa magari na watu na birika za chai. Kaka zamu yake ilikuwa ya pili. Risasi ya kwanza katikati. Ya pili katikati. Ya tatu akafyatua, nikasikia "ta" tu, kama mtu aliyegonga kucha mezani. Kimya. Kaka hakutikisika, aliiweka bunduki vilevile imeelekea shabahani, akasubiri muda wake kama wanavyofunzwa, kisha akaitoa. Fataki ilikuwa imegongwa vizuri, alama ipo. Haikuwaka. Kwa kanuni za hapa risasi isiyowaka imekwenda na maji, huipigi tena. Na mbaya zaidi ya hiyo, mpigaji akishasikia "ta" mara moja, nyengine zote anazifyatua huku anajikaza. Nne za mwisho zilitawanyika.

Salem, mpigaji wa akiba wa timu ya kaka, yule mnene asiyefunga mdomo, akapiga kelele mbele ya watu wote: "Ishaq! Wewe umeoa, na risasi zako nazo zimeona haya?"

Bonde zima likacheka. Kaka akacheka na wao, lakini mie namjua. Alikuja akanipa ile risasi iliyokataa, akaniuliza taratibu, pembeni, "Muhsina, umechoka?"

Miaka yote hii haijapatapo risasi yangu kukataa. Na swali lake likawa kama nimechoka.

Jumapili, 15 Disemba

Nimefikiri usiku kucha na nimepata. Fataki nilizotia wiki ile ni za sahani ileile aliyoipangapanga Kheiria. Nimemwambia kaka.

"Alizigusa siku moja tu," kaka akasema.

"Siku moja inatosha."

 Alishuka chini. Nikasikia sauti zao, si za ugomvi, na baadaye kicheko cha Kheiria, lakini kifupi.

Ijumaa, 20 Disemba

Mvua. Wadi, lile bonde kavu la nyuma, limeteremsha maji, gari la jirani limekwama. Hatukufanya kazi.

Jumamosi, 28 Disemba

Mashindano ya pili. Nilifungua boksi jipya la fataki ambalo hakuna aliyeligusa ila mie. Nilijaza risasi wiki nzima, kila siku chache chache, na kila siku na sanduku lake, nimeandika jina la siku juu kama nnavyofanya daima, ili kosa likitokea nijue lilizaliwa lini.

Mbili zilikataa.

Kaka hakucheka safari hii. Tumeingia fainali kwa kushikiliwa na wenzetu, si kwa yeye.  Tulipofika nyumbani nilimwambia, "Kaka, chumba kile kimeingiwa. Anapanda akiwa mie sipo. Anashikashika." Sikuwa nimemwona akipanda. Niliona kibao kimesogea, nikasema moyoni nani mwengine?

Jioni kaka kamwambia Kheiria asipande tena juu mpaka fainali ipite. Nilikuwa jikoni, nikasikia.

"Nimeharibu nini, Ishaq?"

"Hujaharibu. Ni wasiwasi tu. Khalas, mpaka Februari."

"Basi kama ni kwa ajili yako, sipandi."

Kapita mbele yangu kwenda chumbani, kasema, "Masalkheri, wifi," kama kawaida. Nilitamani anitukane.

Jumamosi, 4 Januari

Chumba changu. Kiti changu. Kaka ubavuni pangu, feni imezimwa. Nimefurahi kama mtu aliyerudishiwa mkufu ulioibiwa.

Jumatano, 8 Januari

Nabaggala, binti wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumba, kanipangia nguo kabatini. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama, siku hizi unanukia vizuri sana, kama madam mpya. Nikiwa nimefunga macho siwezi kujua nani ni nani."

Nikamwambia akapige pasi kanzu za kaka.

Jumamosi, 11 Januari

Tumekwenda bondeni kujaribu. Risasi moja imekataa. Kheiria hajakanyaga juu tangu mwezi uliopita. Kaka kakaa juu ya jiwe, kaishika ile risasi kiganjani, anaitazama. Kasema, "Labda nimwachie Salem nafasi yangu."

"Usiseme hivyo."

"Muhsina, nikiwa nalala pale chini sifikirii shabaha. Nafikiria hii itawaka au haitawaka. Huwezi kupiga shabaha hivyo."

Alkhamisi, 16 Januari

Nimekaa na masanduku yangu yote, nayatazama. Lo! Risasi zote zilizokataa zimetoka kwenye masanduku ya Jumamosi, ya Jumapili, ya Jumanne, ya Jumatano. Sanduku la Jumatatu hata moja haijakataa. Sanduku la Alkhamisi hata moja.

Na mie Jumatatu na Alkhamisi nafunga. Sunna hii sijaiacha tangu nilipofiwa.

 Nimesujudu palepale sakafuni. Mkono wa mwenye saumu una baraka, na siku nyengine mkono wangu hauna kinga. Na kama unahitaji kinga, basi kuna jicho. Jicho la nani katika nyumba hii? Nani kaja na jicho lake linalouliza kila kitu?

Jumamosi, 18 Januari

Nimempa kaka risasi za Jumatatu na za Alkhamisi tupu. Alipiga zote. Hakuna iliyokataa, na matundu yamekaa kama siku ile ya kipimo cha tatu. Salem alikuja kutazama karatasi akasema, "Ah, umeshatoka fungate!" Kaka akacheka cheko lake la zamani.

Nikamweleza. Saumu, baraka, jicho. Simtaji mtu, nikamwambia, lakini wewe mwenyewe tazama mambo yalianza lini. Kaka si mtu wa kuamini upesi, ila mpigaji shabaha ana udhaifu mmoja: kitu kikimpa matundu mazuri hakiulizi asili yake. Alinyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kunaniridhia.

Ijumaa, 24 Januari

Kheiria anakwenda kwa mama yake Sidab mpaka fainali ipite. Kaka anasema ni kwa sababu mama ana homa. Mama wa watu nimemwona sokoni Alkhamisi, mzima, anabishana na muuza jodari.

Kabla ya kuondoka alinipikia mkate wa kumimina, kwa kuwa alisikia naupenda. Ulikuwa mzuri. Niliula kwa uchungu.

Jumatatu, 27 Januari

Nimefunga leo. Nilikuwa juu nasafisha, saa moja hivi kabla ya Magharibi, wakati tumbo tupu na pua ya mwenye saumu inasikia hata jirani anakaanga nini. Nilitaka kuzitupa risasi zile zilizokataa, nilizoziweka kando kwenye bakuli. Nikazimimina kiganjani.

Udi.

Nikanusa tena. Udi mzito, wa watu wanaojua kununua. Nikasema, haya, ushahidi huu! Kazigusa yeye, mwizi kaacha harufu. Moyo ulinipiga kwa furaha, Mungu anisamehe, kwa furaha. Nikalitoa na boksi la fataki lililobaki, lile jipya, ambalo Kheiria hakuwahi kuliona. Nikainusa sahani yake.

Udi.

Nikainusa mizani, pale nnapoishika. Udi. Mkono wa kiti. Udi. Nikajinusa vidole. Havina kitu. Leo nimefunga, na bibi yangu alinifunza mwenye saumu hajipaki manukato. Jumatatu sijipaki. Alkhamisi sijipaki.

Kila siku nyengine, baada ya Alasiri, nakifungua kile kichupa, najipaka kwa vidole hivi viwili, napanda ngazi, na kwa vidole hivi hivi viwili natia fataki. Na kitu cha kwanza kaka alichonifunza kwenye meza ile, kabla hata ya kupima baruti, ni kuwa fataki ikiguswa na mafuta inakufa. Osha mikono, kausha, ndipo uguse. Nilikuwa naosha mikono nikitoka kupika. Nikitoka kukaanga samaki nilikuwa naosha mara tatu. Haikunipitikia kabisa kuwa udi ni mafuta. Udi ni udi. Tunajipaka tukenda msikitini, tunampaka mgeni akinawa. Nani anakwenda kuosha udi?

Adhana ikalia. Tende ilikuwa mkononi na mate hayakuja.

Jumanne, 28 Januari

Sijasema.

Alkhamisi, 30 Januari

Leo kaka kaniambia, "Fainali nitachukua za Jumatatu na Alkhamisi peke yake. Wewe ndiye uliyeniokoa." Kanibusu kichwani.

Basi tazama shetani alivyo fundi. Si lazima niseme. Nikiacha kujipaka, risasi zote zitawaka. Kaka atashinda. Kiti changu. Ganda langu la mwisho. Kheiria atarudi kutoka Sidab, atakaa chini, na kila akitaka kupanda ngazi, kaka atakumbuka jicho. Sina la kufanya. Nyamaza tu, na yote uliyoyaomba umepewa.

Na niliyaomba. Kwenye msala, huku nakohoa kwa kulia, niliyaomba.

Jumatatu, 3 Februari

Nimefunga, lakini sijui nafungia nini.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda Sidab. Nilimwambia kaka nakwenda kumtazama mama mgonjwa. Nabaggala alinisindikiza kwenye teksi, akanitilia halua mfukoni.

Mama mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, mzima wa afya, akanitazama juu mpaka chini. "Karibu, mama wa baraka," akasema. Kumbe wanajua.

Kheiria alikuwa uani anaanika samaki wa mama yake. Kaona mikono yake ina shombo, kanipa kiwiko nishike. Tukakaa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri kwenye teksi, yote yakapotea.

"Mie ndiye," nikasema. "Zile risasi. Si jicho, si wewe. Ni udi ulionipa. Najipaka kisha nagusa fataki. Mafuta yanaziua."

 Alinawa mikono kwenye beseni, polepole, akajifuta kwa upande wa khanga.

"Najua unajipaka," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ya pili. Udi wangu mie nisiujue? Uliponipita ngazini nikasema, alhamdulillah, wifi kaipokea zawadi. Nilikuwa nimeshakata tamaa."

"Na mezani? Umenusa mezani?"

"Meza, kiti, maganda, vyote vinanuka udi. Nikadhani ndivyo kazi yenu ilivyo, kila kitu kwa udi na bismillahi." Hapo akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Mie nani kanifunza kama mafuta hayatakiwi? Wewe ulinifunza neno moja tu, Bi Muhsina. Usiguse."

Kaniita Bi Muhsina. Si wifi.

Nililia. Naandika bila kuona haya. Hakunikumbatia, wala hakunifukuza. Mama yake akaleta kahawa, akaweka chini kwa nguvu, akarudi ndani.

"Kaka yako unamwambia wewe au namwambia mie?" Kheiria akauliza.

"Namwambia mie."

"Leo."

"Leo."

"Basi ngoja nivae, twende pamoja. Maana ukifika Darsait peke yako utakuta una kazi jikoni."

Huyu mtu ananijua kuliko ninavyotaka.

Kaka alisikiliza yote kasimama. Nilimaliza, nikangoja. Alimwangalia mkewe, akaniangalia mie, akasema, "Nilimpeleka mke wangu kwa mama yake kwa ajili ya kichupa cha mafuta."

"Kwa ajili yangu," nikasema.

"Na yangu. Mie ndiye niliyenyamaza." Akatoka akaenda msikitini, na adhana ilikuwa bado.

Jumapili, 9 Februari

Tumeanza upya, zote, hata zile za siku za saumu. Kheiria hakutaka litumike sanduku lolote lenye jina la siku. "Nisije nikashinda kwa Alkhamisi yako," alisema.

Nikamfunza. Osha, kausha, ngoja, ndipo uguse. Yeye anatia fataki, mie napima baruti. Ana mkono mzito, fataki mbili kazitia upande. Nilizitoa bila ya kusema. Nikafurahi kidogo kuwa hazijui, nikajisuta, nikafurahi tena.

Kiti cha dirishani nilimpa. Akasema, "Hapana, kibao changu kinanitosha, hapa naona mikono yako."

Jumatano, 12 Februari

Kaka anasema nasi, lakini kwa kichwa.

Jumamosi, 15 Februari

Fainali. Upepo mdogo kutoka kulia, jua nyuma. Mie na Kheiria tulikaa juu ya mkeka mmoja, na kila kaka akifyatua, wote wawili tulikuwa tunazuia pumzi kama kwenye mizani.

Ziliwaka. Zote. Hakuna "ta" hata moja.

Hakushinda. Kijana wa timu ya upande wa pili alimpita kwa tundu moja lililogusa mstari, na kaka akawa wa pili. Salem alimpiga begani: "Wa pili si haba, bwana arusi. Wake zako wawili wanapika vizuri." Nilitaka kumtupia birika. Kheiria alinishika mkono, "Mwache, wifi, yeye wake risasi za dukani."

Wifi. Nimelisikia.

Kaka akaja na bunduki begani. Mkononi alikuwa na ganda la mwisho. Nililiona kwa mbali, lilivyokuwa likimetameta. Miaka yote huja moja kwa moja kwangu. Akaja, akasimama mbele yetu, akalitia mkononi mwa Kheiria. Hakusema kitu, kama kawaida yake.

Nilisema mashallah. Nilisema kwa ulimi. Ndani palikuwa panawaka moto, na leo sikuwa na udi wa kuuzima. Nimestahili, hilo nalijua, na kujua hakukunipunguzia hata chembe.

Jumanne, 18 Februari

Nimepanda juu kufunga vitu vya msimu. Nimemkuta Kheiria amenitangulia. Kaosha mikono, kaikausha, kakaa kibaoni, na lile ganda la fainali limelala kwenye maji ya sabuni pamoja na mengine yote, halijulikani lipi.

"Umelitia humo?" nikasema. "Lile hutunzwa!"

"Kwani limevunjika?"

"Halijavunjika."

"Si tunalijaza tena?" Akanitazama kwa kweli kabisa, hana kejeli. "Nimekosea? Hili hukunifunza."

 Nikashuka ngazi, nikafungua kabati, nikalitoa lile kopo la kahawa lililo chini ya khanga. Nilipanda nalo, nikakaa kwenye kiti changu cha dirishani, nikalishika muda mrefu magotini. Nikatoa ganda moja, la msimu wa kwanza, nikalirudisha. Hilo hapana. Mengine nikayamimina kwenye maji.

"Yasugue vizuri," nikamwambia. "Yana vumbi."